Masikio ya Rubani

Kuna asubuhi ambazo Ziwa Nyasa huamka likitoa moshi. Mgeni hudhani kuna chombo kinaungua, kumbe ni wadudu wadogo wanaoinuka majini makundi kwa makundi, wakajikunja hewani, wakaondoka taratibu kuelekea Malawi. Mimi huwatazama nikiwa kibandani kwangu Mbamba Bay, redio ya mteja imelala mezani matumbo wazi, na sauti za stesheni za ng'ambo zinapita juu ya maji zikisoma habari kwa Kichewa. Nasikia nusu, nakisia nusu. Mtangazaji akiaga namjibu, "Haya, nawe ushinde salama," ingawa najua hanisikii. Fundi ni mimi, mwanamke. Nalisema mapema kwa sababu wateja bado huingia wakaniuliza fundi yuko wapi.

Siku moja ya moshi kama huo shangazi yangu, dada wa marehemu baba, alinipigia simu. Anaishi juu Litembo, kwenye kahawa na baridi. Alisema pale hospitali wamempangia upasuaji, na kabla hajalala kwenye kitanda chao anataka nipande nikalifungue sanduku la babu.

Sanduku lile nimekua nikiliona darini jikoni kwake, juu ya moto, katikati ya mahindi ya mbegu, na hakuna aliyeruhusiwa hata kuligusa.

Habari yake ni hii. Enzi za vita vya pili vya Wazungu ndege ya kivita ilianguka mlimani, juu ya shamba la babu. Babu ndiye aliyetangulia kufika. Alimkuta rubani mmoja, peke yake, amekwisha kufa. Na alisema, akaendelea kusema hadi anaingia kaburini, kwamba masikio ya yule marehemu yalikuwa yanaongea. Sauti ya mtu ilitoka masikioni mwa maiti, inaita, inanyamaza, inaita tena. Babu akainama akaijibu kwa Kimatengo: poleni, ndugu yenu ametutangulia, yuko kwetu, njooni. Sauti ikafifia mpaka ikakatika. Hakuna aliyekuja. Babu akamzika rubani pembeni mwa shamba, akang'oa sanduku moja la chuma lililokuwa ndani ya ndege, akaliweka kama amana ya wenyewe. Ndege yenyewe iliisha kidogo kidogo. Watu waliigeuza sufuria na vijiko, na mabaki yakabebwa na wanunuzi wa chuma chakavu.

Basi babu alichekwa maisha yake yote. Kwenye pombe, kwenye mavuno, hata nje ya kanisa: "Mzee, maiti wanasemaje leo?" Mimi mwenyewe shuleni niliitwa mjukuu wa masikio, na kuna mtu nilimng'ata mkono kwa ajili hiyo. Sijutii. Lakini mimi nilikuwa na ziwa la kukimbilia. Shangazi alizaliwa baada ya vita, akakulia na kuzeekea ndani ya kicheko kile kile.

"Nataka kujua jambo moja tu," aliniambia kwenye simu. "Kama baba alikuwa mwongo, niende nikijua."

Nilipanda basi la Mbinga, kisha bodaboda. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba miti ya kahawa ilitokea mmoja mmoja, ikatutazama, ikarudi ilikotoka. Ukungu ulipopasuka niliona vishimo vya ngolo, kilimo chetu cha mashimo, vimepangana mlimani kama sega la nyuki, na nyuma yangu, chini kabisa, kipande cha ziwa. Nilisinzia mgongoni mwa dereva. Nikaota babu ameinama shambani, anaongea na udongo, na udongo unaitikia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Chai kwanza, chuma hakikimbii."

Sanduku lilikuwa mkekani, linang'aa. Nilipoliona nusura nilie. Alikuwa amelisugua kwa mchanga na majivu mpaka chuma kikawa cheupe, na kile kibati cha mbele, chenye maandishi ambayo ndiyo cheti cha kuzaliwa cha kifaa chochote, kilikuwa laini kama kijiko.

"Shangazi! Maandishi yako wapi?"

"Maandishi gani? Lilikuwa na masizi ya miaka yote. Ni amana, siku moja litarudi kwa wenyewe, sivyo? Cha watu hakirudi kichafu."

Nikameza maneno yangu pamoja na chai. Nikafungua skrubu moja moja, nikanyanyua kifuniko, na maharage yakamwagika mkekani, mengi, mekundu, yakabingirika hadi chini ya kigoda chake.

"Wala hakirudi kitupu," alisema shangazi, kama anayemkumbusha mtoto adabu. Alikuwa ameyapenyeza kwenye ufa wa nyuma.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Kwetu bakuli la jirani ukilirudisha tupu umemtukana, hilo nalijua. Lakini redio ya vita kurudishwa na maharage!

Nilipotulia nilianza kazi. Kwa kuwa maandishi hayakuwepo, nilisoma viungo. Nilipuliza vumbi, nikachokonoa maharage yaliyokwama. Nikaona vikalio vya zile taa za kioo za redio za zamani, vyote vidogo. Nikaona sahani nyembamba zinazoingiliana kama vidole vya mtu anayesali. Hizo ni za kutafutia stesheni. Nikatafuta waya mnene uliosokotwa, na taa kubwa, na mahali pa kuchomeka kipaza sauti, vitu ambavyo redio ya kurushia sauti haiwezi kuvikosa. Havikuwepo, wala hapakuwa na nafasi yake. Mbele, chini ya kitufe kilichoganda, palikuwa na tundu moja la duara, dogo. Nilichukua waya wa hedfoni zangu za kibandani, nikalinganisha ncha yake na tundu lile. Lilikuwa tundu la hedfoni.

"Shangazi," nilisema, "rubani alikuwa amevaa kofia?"

"Ya ngozi. Baba alisema imefunika mpaka masikio."

Nikamvisha hedfoni zangu, nikawasha redio ya simu. Akashtuka, akazishika kwa viganja vyote viwili. Macho yakamtoka.

"Ndani ya kofia ile kulikuwa na hizi," nilisema. "Waya wake ulitoka kwenye sanduku hili. Rubani alikufa, lakini betri ilikuwa bado hai, na wenzake walikuwa wanamwita. Babu alisikia kweli."

Alipiga vigelegele. Yeye, mgonjwa wa kupasuliwa, alipiga vigelegele hadi kuku wakakimbia uani. "Masikio yaliongea! Baba yangu hakuwa mwongo! Wako wapi wale wacheka watu?" Wengi wao walikuwa makaburini, lakini aliwaita kwa majina.

Kisha akazivua zile hedfoni, akazishika mapajani.

"Na baba alipowajibu," aliuliza, "wao walimsikia?"

Nilitamani kudanganya. Nilitazama lile tundu, nikatazama zile sahani. "Hapana, shangazi. Hili ni la kusikilizia tu. La kusemea lilikuwa jingine."

Ukungu ulikuwa umerudi na kusimama mlangoni. Shangazi akateremka kutoka kwenye kigoda, polepole, akaketi mkekani na kunyoosha miguu, akajifunika khanga kichwani. Hivyo ndivyo alivyoketi siku tulipomzika baba yangu.

"Basi wale watu hawajapewa taarifa ya msiba," alisema. "Waliita, wakadhani hakuna mtu."

Nikaanza kuokota maharage niyapeleke jikoni, maana jioni ilikuwa inakaribia na hatujala.

"Usiyapeleke huko," alisema shangazi. "Hayo ni ya msibani."

Nikayarudisha ndani ya sanduku, konzi kwa konzi, kisha nikaketi chini karibu naye.