Ngege Wangu wa Sebuleni

Hapa Homa Bay kila mtu anakula samaki, lakini nani anawafuga sebuleni? Ni mimi. Nilijiundia tangi la plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo, nikatia majani ya ziwani na ngege wanne wanene kutoka Sori. Ile nailoni ya buluu iliyokuja imebandikwa kwenye plastiki sikuitoa. Kitu kipya hakivuliwi nailoni bwana. Hata makochi yangu bado yanayo, ili mgeni ajue amekalia pesa. Kila asubuhi niliwasalimia samaki wangu, nikawatupia makombo ya ugali kupitia tundu la kifuniko.

Jumapili iliyopita baba mkwe alikuja kutoka Ntimaru. Nikamkalisha mbele ya tangi.

"Mzee, ona vile wanacheza!"

"Mkwe wangu, mimi sioni kitu."

Nikamsikitikia kwa macho ya uzee. Mzee akaingiza ukucha, akaibandua nailoni yote. Ndani mlikuwa na maji, majani na ugali wangu uliovimba.

"Boke!" nikamfokea mke wangu. "Nani ameiba samaki?"

Boke akatoka jikoni akijipangusa mikono.

"Baba Akinyi, Alhamisi uliniachia mboga gani ya kupika? Na si ni wewe uliomba kichwa cha pili?"