Tulivyouza software Chile tukiwa Rusimbi, na safari ya boti ya Kagunga iliyotupa mteja

Wakuu, natumaini mko salama huko mliko.

Mimi ni wa kusoma tu humu. Nyuzi za biashara na teknolojia nimezichungulia miaka bila kuandika chochote, na nyingi zimenisaidia. Leo nalipa fadhila. Haya yote yametokea kweli, nimebadilisha majina ya watu tu.

Uzi ni mrefu kiasi. Mwenye haraka aende akashughulike, atatukuta.

Naishi Buzebazeba, Kigoma. Nilisoma kompyuta Dar, nikafanya kazi kidogo huko, mkataba ukaisha nikarudi nyumbani. Nilirudi nikijiambia ni kwa muda tu, nijipange nirudi mjini. Wengi mnaijua hiyo "kwa muda tu".

Hapo ndipo nilipofahamiana na Riziki.

Riziki ni dada wa Ujiji. Asili yao Kongo, ukoo wao ulivuka ziwa enzi za babu yake. Wakati huo alikuwa anafundisha kompyuta kwenye chuo kidogo hapa mjini. Kichwa kweli kweli, na hana maneno mengi.

Mama yake sasa ndiye mwenye maneno. Mama Riziki anapeleka sabuni, sukari na vyombo vya plastiki Kagunga, kule mpakani na Burundi, anarudi na mawese na vitenge. Mzigo wake wote unapita Kibirizi, bandari ndogo ya hapa mjini, kwenye boti za mbao.

Kwa wasiojua, boti moja inabeba mali za watu wengi, inashusha kijiji hiki na kile. Karani mmoja anaandika Kibirizi, mwingine anapokea huko mbele. Gunia la sukari linashushwa Mwamgongo wakati mwenyewe anasubiri Kagunga. Kinachofuata ni ugomvi.

Siku moja marobota ya vitenge ya Mama Riziki yalipotea hivyo hivyo. Yalikuja kuonekana kwenye stoo ya mtu mwingine kabisa. Akamgeukia binti yake:

"Wewe unafundisha watu makompyuta, mama yako anapotelewa na bintu kila siku. Inasaidia nini sasa?"

Riziki akaja kwangu na swali lile lile. Ndiyo tukaanza.

Tulichotengeneza ni hiki. Karani anasajili mzigo kwa simu hata kama hakuna network kabisa. Simu zikikaribiana, au zikifika penye network, zinalinganisha kumbukumbu na kukubaliana mzigo gani uko wapi na uko kwa nani.

Mtasema apps za offline zipo kibao. Zipo, ila nyingi zinavumilia kidogo tu halafu zinachanganyikiwa. Ya kwetu ilizaliwa kwenye ziwa ambalo ukishaanza kupita milima ya Gombe unasahau kama duniani kuna minara.

Tukaiita Ng'ambo.

Wenye boti wakaipokea vizuri. Ugomvi ukapungua Kibirizi, hata makarani wenyewe walisema. Lakini wakuu, boti zenyewe ni za kuhesabika. Ukiziunganisha zote za hapa bado watu wawili hamuwezi kuishi kwa hiyo kazi.

Riziki ndiye aliyekuja na habari ya cloud marketplace. Nieleze kidogo kwa asiyejua. Kampuni kubwa za cloud zina duka ndani ya mfumo wao. Kampuni iliyoko Brazil au Japan tayari ina akaunti pale, inaendesha server zake pale. Ikitaka software inaingia dukani, inabonyeza, software inasimama kwenye server zake yenyewe. Hamjaonana, hamjapeana mkono. Muuzaji anaweza kuwa popote.

"Popote," Riziki alirudia. "Rusimbi si popote?"

Tulikuwa tumepanga chumba Rusimbi, hapa hapa Kigoma, nyuma ya fundi cherehani. Hiyo ndiyo ilikuwa makao makuu.

Sasa msije mkadhani ni kujisajili tu na kuanza kupokea dola. Kusajili kampuni na kupata TIN hakukutusumbua. Balaa lilikuwa kwenye soko lenyewe. Wakati ule lile tulilochagua lilikubali bidhaa za kulipiwa moja kwa moja kutoka nchi fulani fulani tu, na yetu haikuwemo. Nilisoma ule ukurasa mara nyingi nikitafuta Tanzania, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo.

Jamaa mmoja wa Dar akajitolea kutupitisha kwa kampuni yake iliyosajiliwa nje. Masharti yake: Ng'ambo iandikwe kwa jina lake. Tulimshukuru tukaachana naye kwa amani.

Njia tuliyoipata ni kuiweka sokoni kama bidhaa ambayo mteja anaisimamisha kutoka dukani, lakini leseni anainunua kwetu kwa mkataba. Halali kabisa, ipo kwenye taratibu zao.

Hapo ukaja ukaguzi. Walitukataa mara ya kwanza kwa sababu tuliacha password ya kuanzia ndani ya software, ile ile kwa kila mteja. Ni kama kuuza makufuli yenye ufunguo mmoja. Tukarekebisha. Wakatukataa kwa sababu maelekezo hayajitoshelezi. Riziki akayaandika upya yote. Wakakataa tena kwa jambo ambalo mpaka leo naona lilikuwa dogo, ila basi.

Hata jina lilileta shida. Fomu yao haikutaka kile kialama cha juu, kwa hiyo sokoni tukawa Ngambo.

Hatimaye tukapita. Bidhaa ikaonekana dukani, na jina la kampuni yetu chini yake. Tulipiga picha kioo cha laptop kama watu waliopata mtoto.

Kisha kimya. Hakuna hata mtu wa kuuliza bei.

Katikati ya kimya hicho nikaitwa kazini. Ofisi moja Dodoma, mshahara mzuri, bima, kila kitu. Walitaka jibu kabla mwezi haujaisha. Nilimwambia Riziki siku ile ile. Hakunibembeleza.

"Ukitaka kwenda, nenda. Sitakununia. Ila niambie mapema, nisije nikawa najenga na mtu aliyeshafunga begi."

Mama yangu mzazi ndiye aliyenikamia. Nilimpitia nyumbani asubuhi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umewajibu watu wa Dodoma?"

"Bado."

"Mwana wanje, hiyo kampuni yenu inauza wapi?"

"Dunia nzima, mama."

"Na nani amenunua?"

"Bado."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Nami nikacheka, ila iliniingia.

Wiki hiyo hiyo ikaja email. Mwandishi ni dada mmoja, nimwite Carolina. Anasimamia mifumo ya kampuni ya Chile inayopeleka mizigo visiwani, kusini kabisa mwa nchi yao, pamoja na chakula cha mashamba ya samaki. Alikuwa ametuona sokoni. Ujumbe wake mfupi: kila muuzaji ananiambia yake inafanya kazi bila internet, nionyesheni.

Nikajibu fasta, tufanye video call tukuonyeshe.

Riziki akaniangalia. "Utamuonyesha kwa internet kwamba hamna internet?"

Ikabidi twende ziwani kurekodi.

Mama Riziki alikuwa na mzigo wa Kagunga siku chache baadaye, akazungumza na nahodha, tukapanda. Karani wa boti na simu yake, Mama Riziki na yake, Riziki na ya kurekodia. Mpango ulikuwa video isiyokatwa tangu kupakia hadi kushusha, isipokuwa pale betri itakapotaka chaji. Power bank nilizishika mimi.

Ilikuwa siku ya mawimbi. Nilikalia gunia la sukari nimefunika power bank kwa koti. Tulipoanza kuipita Gombe network ikakata kama kawaida, na Riziki akaelekeza kamera kwa mama yake. Hatukumwandikia cha kusema. Akaitazama kamera kama anayemtazama mteja mgumu:

"Mama wa Chile, jambo sana. Mimi ni Mama Riziki. Munaona hapa? Rezo hakuna, hata moja. Na mizigo yangu najua yote iko wapi. Uliza!"

Nahodha akaangua kicheko. Yote imo kwenye video.

Mwamgongo tukashusha, tukapakia, kila mmoja anabonyeza simu yake. Kagunga ndiyo network ikarudi, simu zikaanza kuongea na server. Nilikuwa nimeshika tablet tuliyokuja nayo, naangalia mzigo mmoja mmoja ukikaa mahali pake. Sukari sawa. Ndoo sawa. Raha niliyokuwa nayo siwezi kuieleza.

Halafu nikaiona katoni moja ya sabuni. Imetokea mara mbili. Iko Mwamgongo na iko Kagunga.

Kumbe Mama Riziki alipofika Mwamgongo alikutana na mteja, akaifungua katoni akamwachia nusu, akasajili kwenye simu yake. Karani hakujua, kwake katoni ni nzima. Software ilitakiwa iseme hapa pana utata, amueni. Badala yake ikahesabu katoni mbili.

Nilimtazama Riziki. Kamera bado inarekodi. Akanionyesha kwa kidole: soma. Nikasoma kwa sauti kilichoandikwa.

Tulibishana tukiwa tumekaa mchangani, boti inaendelea kushushwa. Mimi nilitaka tuikate sehemu ile, turekebishe, turudie siku nyingine.

"Tukirudia tukijua kinachokuja, tutakuwa tunaigiza," alisema Riziki. "Ameomba kuona. Aone."

"Akiona hatanunua."

"Tukimficha, atalikuta mwenyewe huko kwake halafu atatudai."

Tukaituma kama ilivyo. Riziki akaweka tafsiri ya Kiingereza chini ya maneno ya mama yake, na tukaambatanisha maelezo: kosa hili hapa, limetokana na hili, tutalirekebisha hivi.

Jibu halikuja. Mwezi unakatika, Dodoma wanasubiri.

Nikarudi kwa mama. Safari hii sikusubiri aulize. Nikamwambia kwamba hakuna aliyenunua bado, lakini siku ile ya boti, pamoja na ile sabuni, nilijua ninachotaka kufanya na maisha yangu.

Alikuwa anachambua dagaa. Hakuinua macho.

"Unataka kubaki?"

"Ndiyo."

"Basi baki kweli. Usibaki huku roho iko Dodoma."

Siku hiyo nikawaandikia watu wa Dodoma, nikawashukuru, nikakataa.

Carolina alijibu baadaye kidogo, nikiwa peke yangu Rusimbi. Alikuwa ameitazama video yote pamoja na makarani wa gatini kwake. Walipofika kwenye sabuni wote walicheka, maana kwao hilo linatokea kila wakati: mzigo unagawanywa njiani na hakuna anayesema. Mfumo wao wa zamani ulilificha. Sisi tulilionyesha na tukasema linatibiwaje. Akaandika: rekebisheni hiyo, kisha nataka kuijaribu kwenye boti zangu.

Nilimpigia Riziki, hakupokea, yuko darasani. Nikachukua bodaboda mpaka chuoni. Akatoka mlangoni ameshika marker pen, nikamwonyesha simu. Akasoma. Akasoma tena.

"Sawa," akasema, "nimalizie kipindi."

Akarudi ndani kufundisha! Nikamsubiri nje kwenye ngazi. Alipotoka na wanafunzi wameshaondoka, ndipo alipokaa pale ngazini na kulia.

Tulirekebisha, update ikapita ukaguzi bila kukataliwa. Wakajaribu boti chache, wakaja na maswali magumu, tukajibu. Mwisho wakasaini, kwa boti zao zote.

Baada yao ilikuwa rahisi kidogo. Mteja wa pili, wa visiwa vya Ufilipino, alitaka kujua nani mwingine anatumia, na sasa tulikuwa na wa kumtaja. Baadaye kwa msaada wa mwanasheria tulifungua kampuni yetu wenyewe nje, kwa majina yetu, ili soko lituuzie moja kwa moja. Riziki ameacha kufundisha, na wawili kati ya wanafunzi wake tumewaajiri. Chumba bado ni kile kile, fundi cherehani tumeshamzoea na yeye ametuzoea.

Hatujawa matajiri wakuu, msije PM kunikopa. Lakini nalala kwetu, nakula mgebuka wa leo leo, na kazi yangu inafanya kazi upande wa pili wa dunia. Mama anawaambia majirani kwamba mimi niko kwenye mambo ya boti. Nimemwacha hivyo, hajakosea sana.

Nilichojifunza? Kwanza hizi marketplace zinakupa mlango tu, hazikuletei mtu. Anayekuja anakuja kwa sababu una shida inayofanana na yake, kwa hiyo tengeneza kwa ajili ya shida unayoijua mpaka harufu yake. Soma masharti ya nchi kabla hujatumia mwaka mzima kujenga. Jina la bidhaa usimpe mtu kwa sababu umechoka na makaratasi. Na mteja akikuomba ukweli, mpe wote. Mimi peke yangu ningeukata, na leo nisingekuwa na uzi wa kuandika.

Haya, zamu yenu. Waliopita njia hii waongeze, wanaoona nimekosea wanisahihishe bila matusi. Na wewe uliyeko Kasulu, Sumbawanga, Newala, mwenye kitu chako kwenye laptop na unaona mpaka uhamie Dar kwanza, tuandikie hapa chini kinatibu shida gani hapo ulipo. Nipo, leo sina safari.