Waya wa Kijani kwenye Bomba

Shangazi yangu ni fundi bomba mwenye leseni. Hilo la leseni analisema hata usipomuuliza. Aliipata akiwa na miaka arobaini na tatu, baada ya kufeli mtihani mara mbili, na kadi yake ameitia kwenye mfuko wa nailoni pamoja na picha ya mumewe. "Hawa wawili walinisumbua kuwapata," husema.

Juzi bomba letu la chuma lilitoboka kwa kutu nyuma ya hita ya maji, maji yakaingia chumba cha baba cha kushonea. Koki ilikuwa imechoka, haikufunga vizuri. Sare arobaini zilitakiwa kesho yake, na mashine ya umeme huwezi kuikalia miguu ikiwa majini. Baba akamwita dada yake.

Shangazi alipima, akaweka msumeno juu ya bomba. Halafu akauondoa. Kwenye kona kulikuwa na waya wa kijani, umebanwa na kibano juu ya bomba.

"Sikati. Mpaka fundi umeme aje."

"Dada, nimekuambia ukate waya? Kata bomba!"

"Bomba ni langu, waya si wangu. Umeme ukipotea njia unapita kwenye huu waya na hili bomba kwenda ardhini. Nikiweka la plastiki utapita wapi? Utamsubiri mwanao bafuni."

Alichukua chaki ya baba ya kupimia nguo, akachora mstari kwenye bomba, karibu na kibano. "Leseni yangu inaishia hapa."

"Leseni, leseni! Kabla ya hiyo kadi hukuwa unakata?"

"Nilikuwa nakata."

Akakaa juu ya ndoo yake. "Kuna nyumba nilikata hivihivi. Mama mwenye nyumba akashika bomba la bafuni, akarushwa mpaka mlangoni. Alipona. Unadhani mtihani niliurudia kwa kupenda shule?"

Baba hakuwa analijua hilo. Wala mimi.

"Nitaita fundi mwingine," alisema, lakini kwa sauti ya chini.

"Mwite. Ila huyu mtoto atoke kwanza humu ndani."

Baba alishika simu. Aliishika tu. Kisha akachukua dekio, akaanza kukausha sakafu, na mimi nikashika ndoo nyingine.

Fundi umeme alifika mchana. Alivaa glavu, akafungua kibano, akagusisha testa, bisibisi yake ya kupimia umeme, kwenye ncha ya waya. Kitaa cha testa kikawaka.

"Hita yenu imeungua ndani, inamwaga umeme humu," alisema. "Nani alitaka kulikata hili bomba?"

Baba alikuwa anatazama mikono ya dada yake.

Umeme ulizimwa, waya ukapelekwa kwenye nondo mpya iliyozikwa ardhini nje. Fundi umeme, kwa kutaka kusaidia, akaokota spana na kushika bomba.

"Weka chini, mdogo wangu," shangazi alisema, akionyesha chaki. "Yako inaishia hapo."

Fundi umeme alicheka mpaka glavu ikamdondoka. Saa kumi bomba jipya lilikuwa limekaa, na sakafu ilikuwa kavu.

Sare arobaini zilikuwa zinamngoja baba. Yeye akachukua kwanza kipande cha kitambaa cha koti la mvua, akashona mfuko mdogo wenye kifuniko, ukubwa wa kadi na picha. Akauweka juu ya ndoo ya dada yake, akarudi kwenye mashine.