Ngwe za Binti Yangu

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Nimekata mkonge Kilosa kabla sijaota ndevu, nimekuwa tandiboi wa malori, nimekimbizwa na tembo pale Mikumi nikiwa na birika mkononi na chai haikumwagika. Shule nilisoma madarasa mawili tu, lakini malori ya Zambia yalipoanza kupita kwa wingi, mimi nilikuwa na mgahawa wa meza sita, na supu yangu ilijulikana mpaka Tunduma. Sikusaidiwa na mtu. Ndiyo maana nilijiona najua jinsi kila jambo linavyopatikana.

Binti yangu wa kwanza alitaka kuwa mganga msaidizi wa vijijini. Mama yake alitufia njiani, akishushwa kwa machela kutoka Vidunda, alikokwenda kujifungulia kwao. Kule mlimani hapakuwa na mtu aliyejua hata kuzuia damu. Binti alikuwa na miaka kumi. Tangu hapo mchezo wake ulikuwa mmoja, kuwatibu wadogo zake kwa majani na vitambaa.

Alipofika miaka kumi na tisa tukasikia chuo cha waganga kinachukua watu wa darasa la saba, ila wawe hawajatimiza miaka ishirini. Akaanza kujiandaa. Asubuhi alikwenda zahanati kwa dresa mmoja mzee, akachemsha sindano na kukunja bandeji bila malipo. Mzee akamfundisha kuhesabu pumzi za mtoto mwenye kifua. Akirudi nyumbani ananikalisha kwenye kiti, saa ya mezani mbele yake, anahesabu zangu.

"Baba, usiongee, unaniharibia hesabu."

Mimi, ambaye hata madereva wa lori walinyamaza nikisema, nilinyamaza.

Shida ilikuwa shamba la kijiji. Tulikuwa tumeshahamishiwa kijijini wakati wa operesheni ya vijiji vya ujamaa, na kila mtu mzima alikuwa na ngwe zake za kulima, siku tatu kwa wiki, majina yanaitwa kutoka kwenye daftari. Zangu nililima mwenyewe, nisije nikasemwa. Za binti yangu nilikataa azilime.

"Nitalima alfajiri, halafu niende zahanati," akasema.

"Daktari gani ana sugu? Wewe shika kalamu. Jembe niachie mimi."

"Lakini baba, wenzangu wote wanalima."

"Wenzako baba zao hawana mgahawa."

Nikamtafuta kibarua, mtu wa Lumuma, mwenye mabega hasa, na ndevu mpaka kifuani. Katibu wa kijiji akiita jina la binti yangu, yule bwana anaitika, "Nipo!" Shamba zima linaangua kicheko.

"Jamani, binti kaota ndevu!"

"Mchumba, mahari yako ng'ombe wangapi?"

Nilicheka kuliko wote. Niliona nimefanya jambo la kiume. Msimu mzima ngwe zake zilikuwa safi kuliko za watu wengi.

Fomu niliifuata mwenyewe Kilosa, nikairudisha ndani ya shati isikunjike. Binti akaijaza kwa mwandiko ambao mimi sitaupata hata nikizaliwa upya. Chini kabisa palikuwa na nafasi ya kijiji kueleza mwombaji ameshiriki vipi kazi za wenzake. Tukaipeleka kwa mwenyekiti, mtu niliyekata naye mkonge zamani. Akafungua daftari, akaandika, akatusomea: mwombaji hakulima, alilimiwa na kibarua aliyelipwa na baba yake.

"Ndugu Mwenyekiti," nikasema, "ngwe zililimwa, hazikulimwa?"

"Zililimwa."

"Basi andika zililimwa."

"Na nani, ndugu yangu? Kijiji kizima kilimcheka yule mwenye ndevu. Wakija kuuliza, nimfiche wapi?"

"Huyu mtoto hana kosa."

"Najua hana. Lakini jina ni lake."

Binti hakulia. Alipiga goti, akapokea fomu kwa mikono miwili, akasema, "Asante, baba mwenyekiti." Tulipofika karibu na nyumba akasema, "Ningelima, baba."

Tuliipeleka hivyo hivyo. Jibu halikuja. Msichana wa nyumba ya pili, aliyelima huku akimnyonyesha mtoto, aliitwa Kilosa kwenye usaili. Mwaka uliofuata binti yangu alilima kila ngwe, hakukosa hata siku moja, lakini umri ulikuwa umempita.

Siku hizi yuko Vidunda kwa bibi yake. Wanawake wakishikwa na uchungu wanamwita, kwa sababu hakuna mwingine, naye anakwenda na kile kidogo alichookota kwa dresa. Mwaka jana alishuka kuniona. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia, akakaa kwenye meza ya nyuma. Chai ikapoa mbele yake.

"Mmoja amenifia mikononi, baba. Damu tu. Sikujua nifanye nini."

Nikafuta meza ambayo ilikuwa safi.

Yule mtu wa Lumuma nilimlipa kwa siku arobaini na moja, shilingi tatu kila siku, taslimu, bila kubishana. Shilingi mia moja ishirini na tatu.