Mama Supu Anawapoza Bakteria

Saa mbili asubuhi, mkoba kwapani, Mama Supu anafungua maabara. Mkanda wa mkoba ulikatika zamani, akaushikiza kwa pini. Tangu hapo huubeba kwapani kwa mazoea, mkanda hata hautazami. Anauweka kabatini, anafunga aproni, anaanza kupika.

"Wageni wangu wanakunywa supu tu," anacheka, akionyesha chupa za bakteria. Ndiyo kazi yake: kuwapikia, kuwaoshea vyombo, kuchunga joto lao.

Na wageni wenyewe wana mambo! Kabla ya kuwa wawili, bakteria lazima anakili kromosomu yake, na kuna protini inayotoa ruhusa. Isipokusanyika ya kutosha, kazi haianzi. Ikishaanza, pale pa kuanzia kwenye kromosomu hufunikwa kwa muda, asije akarudia mapema.

Hawa wa Mama Supu wana kasoro: protini yao hulegea kwenye joto. Likipanda, humalizia nakala walizoanza, mpya hawaanzi.

"Siku moja nikawaona wamezubaa, nikasema masikini, njaa! Nikawaongezea supu."

Mtafiti anayefanya naye kazi alicheka mpaka akakaa chini. "Mama, watarefuka bure bila kugawanyika. Joto limewazidi. Wapoze, halafu uwaache."

Akawapoza. Wakaanza.

Mama Supu hakucheka. Nyumbani ana binti, fundi cherehani kama marehemu baba yake. Tangu msiba, binti hajagusa sindano.

"Kila asubuhi nilimpigia kelele: 'Utaanza lini? Utakaa hivyo mpaka lini?' Kumbe joto lenyewe ni mimi." Anafuta macho kwa mgongo wa mkono. "Mtoto si bakteria, najua. Lakini nikanyamaza. Namsalimu, nampa chai, basi. Miezi inapita, naogopa hatarudi tena kwenye cherehani. Nampenda mno yule mtoto."

Saa ya kutoka inafika. Anachukua mkoba, anapapasa pini asije akajichoma. Hakuna pini. Mkanda umeshonwa, mishono midogo midogo, imebana sawasawa.

"Jamani!" Anakaa kwenye stuli, mkoba kifuani, machozi yanamtoka. "Huu ni mkono wa baba yake."

Atamwambia nini binti?

"Asante, mwanangu. Neno jingine siongezi."

Anautundika mkoba begani, anazima taa. Mlangoni anageuka.

"Kuna gauni langu limefumuka pindo," ananong'ona. "Nitaliacha tu kitini, niende nikachemshe chai."