Mwalimu wa Brashi na Vitabu vya Kufutwa

Mwalimu wetu wa mwandiko wa brashi alikuwa na vidole vyeusi kwa wino hadi kwenye kucha na mgongo wima kama mchi. Wakati wa vita alitukaripia tuandike "Ushindi" kwa nguvu. Japani iliposhindwa, Wamarekani wakaamuru sifa zote za vita zifutwe vitabuni kwa wino, naye akatukaripia tufute kwa nguvu ileile. Siku moja akamfokea mwenzetu: "We Tetsuji, unasiriba ukuta? Vuta pumzi kwanza, ndipo ushushe brashi!" "Lakini Mwalimu, si tunafuta tu?" "Hata kufuta kuna adabu yake, mpumbavu wewe!" Kisha akaja ofisa wa Kimarekani kuamua kama somo lenyewe la brashi nalo lifutwe, maana lilinuka vita. Mwalimu akainama mpaka miwani ikadondoka. Ofisa akafunua kitabu cha Tetsuji, akakuta mistari minene myeusi ukurasa mzima, akatabasamu. "Picha nzuri hii," akasema kupitia mkalimani. "Inaitwaje?" Mwalimu akatoa muhuri wake mwekundu, akaugonga pembeni ya ukurasa kama msanii anayetia sahihi mchoro wake, akajibu bila kupepesa macho: "Inaitwa Utiifu, mheshimiwa." Somo lake likapona. Sisi tukabaki na vitabu visivyokuwa na hata sentensi moja ya kusoma.