Muti Niliouosha kwa Sabuni

Miti nimepanda mingi katika lupango, kiwanja cha nyumba yetu hapa Kasongo, na sikufundishwa na mutu wa koti. Kokwa ya avoka, ile wengine wanaita parachichi, unaikausha kivulini siku mbili, kisha unaiweka katika mukebe wa nyanya uliotobolewa, upande mupana ukae chini. Ukiigeuza kichwa chini usije kuniuliza kwa nini haioti. Muche ukifika urefu wa mukono unauhamisha udongoni, unaujengea kivuli cha majani ya mungazi, ule muti wa mawese, unaupa maji asubuhi, si saa sita. Hiyo yote ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni mbuzi.

Kwa mbuzi tuna dawa. Unachukua mavi yake, unayakoroga na maji, unapaka majani ya muti juu na chini. Mbuzi hali kitu chenye harufu ya mavi yake mwenyewe. Mvua ikinyesha, unapaka tena. Muti unanuka, ndiyo, lakini muti hauendi misa.

Sasa, muti ninaousema ulikuwa wa mujukuu wangu wa kike. Baba yake ni mutoto wangu wa mwisho, yule anayechimba zahabu Salamabila; mama yake anakaa nasi. Kwetu, kitovu cha mutoto kikikauka na kuanguka, kinazikwa, na juu yake unapandwa muti. Muti ule ni wake, na pale kitovu kilipo, ndipo kwao. Kwa hiyo kulikuwa na maneno. Mama ya mukamwana wangu, mukwe mwenzangu, alitoka Wamaza kwa pikipiki kuja kuosha mutoto, na kitovu kilipoanguka alikuwa ameshatayarisha kitambaa cha kukifunga. Alitaka akakizike kwake.

"Mukwe," nilimwambia nikiangalia mulango, maana sisi wakwe hatuangaliani usoni, "mutoto ni wa lupango hii. Pale kitovu kilipo, ndipo kwao."

"Ni kweli, mukwe," alijibu akiangalia ukuta. "Ila nasikia mbuzi wa Kasongo ni wengi kuliko watu."

"Mbuzi ninawajua mimi. Muti huo hautakufa mukononi mwangu."

"Basi mutoto akianza kusimama, nitakuja kuuangalia."

Maneno ya heshima hayo. Heshima ya wakwe ni pilipili iliyofungwa ndani ya jani la ndizi.

Nikazika kitovu, nikapanda avoka juu yake, nikaizungushia uzio wa matete, na kila Jumamosi nikaipaka mavi. Ikapita goti langu. Mutoto akaanza kusimama kwa kushika kiti, na habari ikaja kutoka Wamaza kwamba mukwe atafika kesho. Mugeni kama huyo hapewi kuku. Kuku ni wa mutu anayepita njia. Mukwe anachinjiwa mbuzi. Muzee wangu, bwana wa nyumba hii, akaleta dume lake kubwa, akakaa chini kunoa kisu.

Mimi nikautazama ule muti. Majani yalikuwa yamegandwa na mavi makavu, kama miguu ya mutu aliyetoka shamba. Nikaona haya. Nikaondoa uzio ili mugeni auone vizuri, nikachukua bokiti, sabuni na kitambaa, nikaosha jani moja moja, juu na chini. Yaling'aa. Nilisimama mbali kidogo nikaona kwamba hata sahani zangu hazijapata kung'aa vile.

Mbuzi nilikuwa nimemufunga mwenyewe kwenye nguzo ya jikoni. Kamba niliipima kwa macho, na macho yangu hayakusoma hesabu. Nikaingia kuangalia mawese kwenye moto. Nilipotoka, jani la mwisho lilikuwa linaingia mudomoni. Alikuwa ananiangalia, anatafuna taratibu, kama mutu anayesikiliza mahubiri.

Nilimwita muzee.

"Weka kisu chini."

"Kwa nini? Maji yanachemuka."

"Mbuzi amekula avoka."

"Akila avoka nyama inachacha?"

"Avoka ya mutoto. Ile iko juu ya kitovu."

Muzee alikiangalia kile kijiti kilichobaki, akamwangalia mbuzi, akaanza kufuata mizizi kwa kidole hewani: kutoka kitovu mpaka majani, kutoka majani mpaka tumbo la mbuzi. Kwetu babu anamwita mujukuu wa kike bibi yake, yaani muke wake. Tangu mutoto azaliwe, muzee huyu alikuwa anazunguka kwa majirani akisema ameoa tena.

"Basi siwezi kumukata," alisema. "Huyu ni bibi yangu."

"Ana ndevu."

"Hata wewe zinaanza."

Mimi ni Mukristo, ninasali kila siku ya Mungu. Mbuzi ni mbuzi, ninajua. Lakini nyama iliyotoka kwa majani, majani yaliyotoka kwa kitovu cha mujukuu, uiweke mezani mbele ya mama ya mama yake, ni nani atachukua paja la kwanza? Nilimwuliza muzee. Alisema hata muchuzi hawezi.

Kesho yake mukwe akafika na vumbi lake na debe la mupunga. Akanawa mikono, akafunua sahani. Kuku. Alikula bawa moja polepole, na nyuma ya nyumba dume likaanza kulia.

"Mbuzi wenu ana sauti nzuri," alisema akiangalia ukuta.

"Ni mwimbaji," muzee akajibu.

"Tena nimeona amenona."

"Anakula vizuri," akasema muzee, nami nikamukanyaga muguu.

Kumunyima mukwe mbuzi ambaye amekwisha kumuona ni kumwambia mutoto wake si kitu kwetu. Na kumwambia ukweli ni kukubali kwamba kitovu kimenishinda, kwamba ni heri kingezikwa Wamaza. Nilimwongezea sombe, mboga ya majani ya muhogo. Sombe haikusaidia.

"Sasa nionyeshe muti wa mujukuu wetu," alisema.

Nilikuwa nimekifunika kijiti kwa kikapo.

"Muti umelala, mukwe."

"Saa saba?"

"Jua ni kali."

Aliinama akainua kikapo mwenyewe. Kijiti kilisimama pale, urefu wa kidole, bila hata jani. Alikigusa, akanusa mukono.

"Kinanuka sabuni," alisema.

Basi nikamwambia yote, kuanzia mavi mpaka sabuni. Muzee akaongeza habari za bibi yake, ambazo hakuna mutu aliyemwuliza. Mukwe, kwa mara ya kwanza tangu watoto waoane, aliniangalia usoni. Midomo yake ilikuwa inatetemeka, nikafikiri ni kilio. Haikuwa kilio.

"Mukwe," alisema, "pale kitovu kilipo, ndipo kwao mutoto. Ni wewe uliyesema."

"Ni mimi."

"Na sasa kitovu kiko wapi?"

Mbuzi akalia, mushenzi yule.

Siku ya kurudi mukwe alimufunga mbuzi kitenge mpaka shingoni, akamuweka kwenye pikipiki kati yake na mwendeshaji, pembe nje. Watu wa barabara yetu walitoka kuangalia. Muzee alipunga mukono mpaka vumbi likaisha, akasema ni mara ya kwanza kuachwa na bibi.

Wiki mbili sikwenda kwa majirani. Asubuhi moja nikainua kikapo ili nikioshe kitumike kwa kazi nyingine, nikaona kijiti kimetoa macho mawili ya kijani. Avoka iko vile. Ukiikata kichwa inaleta viwili. Mizizi haikuwa imeenda mahali popote. Nikamutuma mwendeshaji wa pikipiki Wamaza na maneno haya: kitovu bado kiko hapa, kimetoa majani, rudisha mbuzi.

Jibu lilichukua siku nne. Mukwe alisema mbuzi ni muzima. Hawezi kuchinjwa, kwa sababu kijiji kizima kimekwisha kujua ni mutoto wa nani. Amekula mihogo yake, amekula mukeka wa kusalia wa jirani, na juzi amekula miche yake minane ya michungwa, aliyokuwa amewapandia wajukuu wengine. "Anakula kama watu wa kwenu," alisema. "Njoo umuchukue mwenyewe."

Mwendeshaji akasema yeye hambebi tena, alipigwa teke. Mimi sijaenda. Njia ya Wamaza ni mbaya, na magoti yangu yanajua.

Muti sasa unapita tumbo langu. Nimerudisha uzio, na kila Jumamosi ninapaka mavi, juu na chini. Mukwe akija atauona hivyo hivyo. Mujukuu amejifunza kutembea. Anapenda kushika yale majani, kisha ananusa mikono yake na kuniangalia kwa hasira. Ninamwambia azoee, hiyo ndiyo harufu ya kwao.